Kwa Nini Kitafutio Chetu Kinalijua Neno Friji

Siku niliyostaafu, nilipokabidhi funguo za kabati la miongozo, mmoja wenu aliniuliza, mbele ya keki, kwa nini tovuti yetu ya miongozo ya mashine inatumia kitafutio kile kidogo cha kurasa kisicho na madoido, wakati siku hizi viko vingi vizuri zaidi. Mdomo ulikuwa umejaa keki, nikamjibu, "Ni habari ndefu." Sasa nina muda. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo vyangu vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuja na meza yenye mguu mbovu.

Nilianza kazi hapa Masasi, katika karakana hii hii inayotengeneza mashine za zahanati za ushirika wetu, kuanzia huku chini hadi Newala na Tandahimba kule juu uwandani. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, mwanamke peke yangu darasani, na siku ya kwanza nilivaa viatu vipya, kosa ambalo oili ya sakafuni ilinisahihisha kabla ya chai ya saa nne. Aliyenipokea ni Fundi Anselm, mzee wa Ndanda, mfupi, mwenye kalamu sikioni kila siku ya Mungu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Umekuja na bisibisi?"

"Nimekuja na cheti."

Akakichukua cheti, akakitazama mbele na nyuma kama mtu anayetafuta kilipofungwa skrubu. "Kizuri," akasema. "Kiweke mbali na oili."

Kisha akanionyesha sufuria kubwa ya mvuke ya kutakasia vifaa vya upasuaji, akaniambia haifungi vizuri, nitafute kitabu chake. Vitabu vilikuwa chini ya benchi, ndani ya maboksi ya sabuni: vya Kijerumani, vya Kiingereza, vya Kichina, vya Kijapani, na kimoja ambacho mchwa walikuwa wamekila kuanzia jalada hadi ukurasa wa mabomba. Nilipekua siku mbili. Siku ya tatu nikakipata, nikampelekea nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Ahsante," akasema. "Mashine nimeshaitengeneza juzi. Nilitaka kujua kama utakitafuta kitabu au utanitafuta mimi."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kutunza miongozo, juu ya kazi ya ufundi. Nilipata kabati, nikapata sumu ya panya, nikapata daftari. Usiku sikufanya kazi, hilo wakubwa niliwaambia mapema, lakini mchana nilikuwa sikai. Nikitoka kukaza nati nakaa kuandika kwa Kiswahili kile kilichoandikwa kwa lugha za watu, ili muuguzi wa zahanati asihitaji kumwita mkalimani kabla hajabonyeza swichi.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokea Newala. Zahanati moja ilikuwa na mashine ya kuvutia makohozi iliyogoma. Nikapakia vifaa na mwongozo kwenye pikipiki, nikapanda kule juu na mvua yake, nikafika nimelowa hadi mifukoni. Nikafungua mkoba: mwongozo wa mashine nyingine. Majina yalifanana, tofauti herufi moja ya mwisho. Nikageuza, nikarudi Masasi na mvua ile ile.

Fundi Anselm hakunigombeza. Alinionyesha daftari lake yeye, ambamo kila mashine alikuwa ameiandika kwa jina la kiwandani, na chini yake kwa jina ambalo wauguzi wanaliita. Ile iliyonishinda ilikuwa imeandikwa "ile inayokoroma". Jirani yake iliandikwa "ile inayokoroma, ya bluu". Nilicheka. Niliona ni daftari la mtu asiyesoma sana. Alipostaafu akaniachia, nami nikalinakili kwa mwandiko safi, na majina yote ya namna ile nikayaacha nje.

Jambo hilo naomba mlishike, kwa sababu ndilo lililonitia aibu miaka mingi baadaye.

Miaka ikaenda. Nikazaa Zainabu, nikaanza kuitwa Mama Zainabu hata na watu walionizidi umri. Mashine zikabadilika, zikaja majokofu ya chanjo yanayotumia jua, zikaja mashine za kutengeneza oksijeni zenye vioo vinavyoandika makosa kwa namba. Kabati likajaa, likazaa kabati. Ndipo alipoajiriwa Tumaini, binti wa mwalimu wa kule Chidya, amesoma mambo ya kompyuta Dodoma, mkataba wa mwaka mmoja. Wiki yake ya pili akaniambia, "Mama, haya yote tuyaweke kwenye tovuti. Muuguzi ana simu mkononi, ya nini akusubiri wewe na pikipiki?"

Nikamwambia mtandao wa kule juu naujua mimi.

"Ndiyo maana tutatengeneza kurasa zilizokwisha kuiva," akasema. "Hakuna kinachopikwa mtu anapofungua. Kila ukurasa umekaa tayari kama chapati kwenye hotpoti. Muuguzi akija mjini anazipakua zote kwenye simu, akirudi zahanati anasoma hata bando likiwa limeisha."

Hapo nilimwelewa. Tukafanya kazi ile miezi kadhaa, yeye akiunda kurasa, mimi nikiandika maneno. Na kwenye maneno nilijitahidi, wallahi. Nilinunua kamusi mbili. Sikutaka kuona "friji" mahali popote, niliandika "jokofu". Sikutaka "kompresa", niliandika "kikandamizi". Ukurasa wa friji lisilopoa niliuita "Jokofu: Upungufu wa Ubaridi", nikautazama kwenye kioo cha kompyuta nikaona sasa hata wizarani unaweza kusomwa.

Kurasa zilipozidi mia, hakuna aliyeweza kupata kitu bila kutafutiwa. Tukahitaji kisanduku cha kuandika neno, kikuletee ukurasa. Tumaini akaleta vitafutio vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cha kampuni ya ng'ambo. Wao wanazisoma kurasa zako, wanaweka kwao faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa yaliyomo, na ukiandika herufi mbili kinaanza kukubashiria unataka nini. Kizuri kama harusi. Meneja wetu, Baba Yohana, alikipenda tangu alipokiona. Cha pili kilitaka tuwe na seva yetu wenyewe, kompyuta inayowaka saa zote hapa karakanani, nacho kilikuwa hodari wa kusamehe makosa ya herufi. Cha tatu kilikuwa kidogo sana: faharasa yake ni faili moja, linapakuliwa pamoja na kurasa, na kazi ya kutafuta inafanywa na simu yenyewe, bila kuuliza mtu yeyote.

Tukavijaribu. Nasema tukavijaribu, lakini ukweli ni kwamba maneno ya kujaribia niliyaandika mimi, nikayaingiza mimi, nikafurahi mimi. Niliandika "kikandamizi", vyote vitatu vikaleta. Niliandika "upungufu wa ubaridi", vyote vikaleta. Kwa kuwa vilifungana, Tumaini akashauri tuanze na kile cha tatu kwa majaribio, kwa sababu hakihitaji mtandao. Baba Yohana akakubali shingo upande.

Mwezi wa pili wa majaribio, saa sita mchana, simu ikaita. Alikuwa Somoe, muuguzi wa zahanati iliyo mbali kabisa upande wa Newala, pale ambapo uwanda unakatika na unaliona bonde la Ruvuma chini.

"Shikamoo, Mama Zainabu."

"Marahaba, Somoe. Kwema huko?"

"Si kwema. Friji la chanjo halipoi. Kipimajoto kinasoma kumi na mbili, na kinapanda."

Chanjo hukaa kati ya mbili na nane. Nikasimama. "Umeangalia kwenye tovuti?"

"Nimeangalia tangu saa mbili asubuhi. Inaniambia hakuna matokeo."

"Umeandika nini?"

"Friji halipoi."

"Jaribu 'jokofu, upungufu wa ubaridi'."

Kisha akasema, kwa adabu yake yote, "Mama, nani anaongea hivyo?"

Chanjo zilikuwa zinaharibika, muda wa kukagua mashine kwa simu haukuwepo. Nikamwambia ahamishie chanjo kwenye sanduku baridi. Akasema vipande vya barafu navyo vimeshalainika. Basi hakukuwa na njia ila bodaboda. Akafunga sanduku kwa kanga mbili, akampakia mhudumu, chanjo zikakimbizwa kituo cha afya cha Newala mjini. Nyingi zilifika salama. Lakini zile chupa zina alama inayobadilika rangi zikipata joto, na kwenye baadhi alama ilikuwa imeshageuka. Hizo zilitupwa. Na kesho yake ilikuwa siku ya kliniki.

Asubuhi ile mimi na Tumaini tulipanda na gari la karakana. Kina mama walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi, watoto mgongoni na kadi mkononi. Somoe alikuwa anapita kwao mmoja mmoja akiwaeleza warudi wiki ijayo. Tulizunguka nyuma ya jengo. Mkorosho ulikuwa umetanda, tawi moja limenyoosha mkono juu ya paneli ya jua na kuifunika zaidi ya nusu, na majani makavu yamejaa juu yake. Nikaazima panga. Dakika kumi, tawi chini. Tumaini akaifuta paneli kwa kitambaa, na kabla hatujamaliza chai tuliyokaribishwa, friji likaanza kunguruma.

Kwenye ukurasa wangu mzuri, ule wa Upungufu wa Ubaridi, mstari wa tatu unasema: angalia kama kuna kivuli juu ya paneli. Somoe angeusoma saa mbili asubuhi, saa mbili na robo angekuwa amemaliza. Barafu ingekuwa bado ngumu na hakuna chupa ambayo ingetupwa.

Nikaenda mbele kuwaomba radhi wale kina mama. Nikawaeleza kwamba muuguzi wao hana kosa, alitafuta maelekezo kwenye simu hayakupatikana. Mama mmoja, aliyepanda kutoka bondeni kwa miguu tangu alfajiri na mtoto mgongoni, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, bila ukali:

"Kwani hiyo simu yenu haijui friji?"

Tulipokuwa tunateremka kurudi Masasi, Tumaini alikuwa ameinamia simu yake. Nilidhani ananihurumia, kumbe ana lake. Baba Yohana alikuwa ameshampigia: kitafutio ulichokichagua kimetuangusha, Ijumaa kikao, tunaingia kwenye kile cha ng'ambo. Na mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Hakuniambia neno la kunilaumu, ingawa alijua kama nilivyojua kwamba kitafutio hakiwezi kuleta neno ambalo halimo kwenye kurasa. Maneno niliyaweka mimi.

Zilibaki siku tatu. Siku mbili tulizitumia kuzungukia zahanati na daftari jipya. Sikuuliza mtu anajua nini. Niliuliza: mashine hii ikikusumbua, kwenye simu utaandika nini? Na nikaandika kama nilivyosikia. Friji halipoi. Friji limekufa. Friji linatoka jasho. Mashine inalia tu. Oksijeni haitoki. Haivuti. Inavuta kidogo. Wale ambao lugha yao ya nyumbani ni Kimakonde walinionyesha walivyoandika, na wengi waliandika kama wanavyotamka, "fliji". Muuguzi mmoja Mmakua aliandika "pateri" badala ya betri, na mimi Myao nilipotaka kumrekebisha, akaniuliza kwani yangu naiandikaje. Nikaandika. Tumaini akachungulia akasema, "Mama, hata hiyo siyo." Tukacheka sote watatu, na mimi nikacheka nikiwa na uchungu, kwa sababu nilikuwa nalikumbuka daftari la Fundi Anselm na "ile inayokoroma, ya bluu". Alikuwa ameniachia kazi hii nusu imekwisha, nami nikaitupa kwa sababu ya mwandiko.

Alhamisi tukarudia majaribio, safari hii kwa maneno ya wauguzi. Kile kizuri cha ng'ambo kilidhani "halipoi" ni kosa la herufi za Kiingereza, kikajisahihishia chenyewe, kikaleta ukurasa wa viti vya wagonjwa. Cha pili, cha seva, kilielewa "fliji" mara moja, tukakipongeza, na umeme ukakatika tukiwa bado tunakipongeza. Cha tatu nacho kiliboronga. Ukiandika "inavuja" hakileti ukurasa wenye "imevuja".

Tumaini akakifungua ndani, akakitazama kwa muda, kisha akapiga meza ile yenye mguu mbovu. "Mama, nimeona. Hiki kimetengenezwa kwa Kiingereza. Kinakata mikia ya maneno ili yafanane. Kumbe maneno yetu hayabadiliki mkiani, yanabeba mizigo kichwani!"

Nikamwomba anieleze kama fundi, si kama mhadhiri. Akaandika ubaoni: inavuja, imevuja, zinavuja, linalovuja. Akaweka kiganja juu ya vichwa vyote. Ikabaki "vuja" nne. Akakizimia mambo ya mikia, akakiandikia sheria fupi za kutua mizigo ya kichwani. Mimi kazi yangu ikawa kupitia ukurasa mmoja mmoja na kuweka kichwa cha habari kipya. "Jokofu: Upungufu wa Ubaridi" nikaufuta kwa mkono wangu. Nikaandika "Friji halipoi". Chini yake, kwa herufi ndogo, nikaorodhesha yote tuliyoyasikia, fliji ikiwemo.

Ijumaa kikaoni Baba Yohana alianza vizuri, kwa upole, akasema hakuna anayelaumiwa ila tumejifunza. Nikanyoosha mkono.

"Baba Yohana, yupo anayelaumiwa. Ni mimi. Neno friji halikuwemo kwenye tovuti nzima kwa sababu mimi nililikataa. Hata ungenunua kitafutio cha namna gani, kisingelileta."

Miaka yangu yote pale nilikuwa sijawahi kusema sentensi ya namna hiyo mbele ya watu. Baba Yohana akasema, "Lakini Mama Zainabu, hiki cha kwanza kina uzuri wake."

"Kina uzuri. Naomba tumpe Somoe achague."

Somoe tulikuwa tumemwita, amekaa karibu na mlango. Nilimwomba azime data kwenye simu yake mwenyewe, ajaribu vyote. Cha kwanza kikazunguka, kikazunguka, kikaomba mtandao. Cha pili vilevile. Kwenye cha tatu akaandika kwa kidole kimoja, akasoma kwa sauti: "Friji halipoi. Moja, funga mlango wa friji, usifungue. Mbili, soma kipimajoto. Tatu, angalia kama kuna kivuli juu ya paneli." Akanyanyua uso. "Mbona hiki kinaongea kama mtu?"

Baba Yohana akachukua ile simu, akaandika mwenyewe neno moja, sikuona lipi, akasoma, akamrudishia Somoe. "Haya," akasema. "Hiki." Kisha akamgeukia Tumaini akamwambia apite ofisini kwake kuhusu mkataba. Tumaini alipotoka huko alinunulia karakana nzima maandazi, basi nikajua.

Kwa hiyo wadogo zangu, kubadilisha mnaweza, hakuna aliyekifunga kitafutio kile kwa riveti. Kina kasoro zake. Kichwa cha neno kikibeba mizigo minne kinachanganyikiwa, na hakijui kabisa kwamba kuna mtu anaandika bila kuacha nafasi. Ila mkileta kingine, kijaribieni kule juu, data imezimwa, mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kikao chenu. Na ile orodha inayokusanya, simu zikipata mtandao, maneno yaliyokosa matokeo msiizime. Niliisoma kila Jumatatu kabla ya kufungua kisanduku cha vifaa, na ilinifundisha Kiswahili kuliko zile kamusi mbili.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Zainabu kliniki na mjukuu wangu wa miezi mitano. Zahanati ni ngeni kwangu, muuguzi ni mgeni kwangu, na mimi kwake ni bibi tu mwenye kanga. Akamning'iniza mtoto kwenye mzani, akautazama mshale, akakunja uso. Akamtoa mtoto. Mshale ukagoma kurudi mahali pake.

"Nisubirini kidogo, mama," akasema, akatoa simu.

Shingo ikajinyoosha yenyewe, sikuweza kuizuia. Aliandika: mzani unadanganya. Nikajisemea moyoni kwamba hapo hatapata kitu, maana kwenye ukurasa wa mizani sikuwahi kuliweka neno hilo. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Wa kwanza juu kabisa, na kwenye ile orodha ya herufi ndogo lilikuwemo, "unadanganya", limewekwa na mtu mwingine baada yangu.

Zainabu akanitazama, akitaka niseme mimi ni nani. Nikamtikisia kichwa. Muuguzi akasoma mistari miwili, akachukua sarafu mfukoni, akazungusha skrubu ndogo chini ya mzani, na mshale ukarudi kwenye sifuri.

"Haya, bibi," akaniambia. "Nipe huyo mtoto."